Mwaka Kizuizi Kilipozimwa

Tulimzika Mama Weigesa wiki iliyopita, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake, na udongo ulikuwa mzito kwa sababu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Waliopewa nafasi ya kusema makaburini walimsifu kwa upole wake. Mimi nilikaa chini ya turubai, sahani ya wali na nyama ikipoa magotini, nikijiuliza wanamzungumzia nani. Mama Weigesa niliyemjua mimi alikuwa mkali, tena mwenye mashaka. Ungeweza kufika kwake mara ishirini, na mara ya ishirini na moja bado angekutazama kupitia upenyo wa geti kabla ya kukufungulia. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba huyu mama hakuwahi kupoteza msichana hata mmoja. Mwenzake akamjibu, "Alikaribia. Ule mwaka wa kompyuta." Sikugeuka. Ule mwaka wa kompyuta ulikuwa mwaka wangu pia, na nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu.

Si zamani sana. Lakini nikimkumbuka Bhoke niliyekuwa wakati ule namwona kama mdogo wangu, msichana mkubwa aliyerudi Tarime na cheti cha kompyuta na maneno mengi, akiamini kwamba kila kitu kilichoharibika kina mahali pa kufungulia. Nilikuwa nimepanga chumba Turwa, kwenye nyumba ndefu ambayo vyumba vyake vinatazamana, na nje ya dirisha mwenye nyumba alipanda migomba iliyolifanya giza liingie mapema. Chumba hichohicho kilikuwa ofisi. Kitanda nilikisukuma ukutani, nikakitandika vizuri, na mchana kikawa kiti cha wateja. Mwenzangu wa kazi alikuwa Otieno, mtu wa Sirari mwenye wajomba ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa na vumbi la pande zote mbili. Tulitengeneza kompyuta za watu, tukaweka programu, tukaondoa virusi. Hiyo ndiyo iliyotulisha. Iliyotufanya tuamke na hamu ilikuwa nyingine, nayo tuliiita Kizuizi.

Kizuizi kilikuwa kiendelezi, yaani programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari cha intaneti, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuzuia matangazo. Watu walidhani tunayazuia kwa sababu yanakera na yanakula bando. Yanakula, kweli. Lakini sisi ndio tuliokuwa tukiletewa mashine zilizoharibiwa, na tulikuwa tumeona vitufe vikubwa vya kijani vinavyosema PAKUA na havipakui chochote, kurasa zinazoomba namba ya simu ili zikupe majibu ya mtihani, matangazo ya kazi za ndani za nchi za mbali yenye picha ya msichana anayecheka. Otieno alichukua msimbo wa programu ambao watu wa kujitolea wameuacha wazi mtandaoni kwa yeyote, akachukua na orodha zao za anwani mbaya, kisha akaongeza za kwetu, za matapeli wanaoandika kwa Kiswahili, ambao huko mbali hakuna aliyekuwa anawajua. Kila wiki aliongeza. Aliipenda orodha ile kama mfugaji anavyolipenda zizi lake, akijua kila anwani aliipata wapi.

Mahali ambapo Kizuizi kilihitajika kuliko popote ni kwa Mama Weigesa. Nyumba yake ilikuwa upande wa Mbalibali, wilaya ya Serengeti, mbali na barabara, na haikuwa na kibao. Walikaa hapo wasichana waliokimbia kukeketwa. Zipo nyumba kama hizo zinazojulikana na kila mtu, wazazi wakija kuzungumza na wakubwa wakisuluhisha. Ya Mama Weigesa ilikuwa ndogo, na ilipokea wale ambao ndugu zao walikuwa wameshaapa kuwarudisha kwa nguvu. Usalama wao ulikuwa kutojulikana walipo. Mfadhili mmoja alikuwa amewaletea laptopu za kusomea, zile nyepesi ambazo kivinjari ndicho kila kitu ndani yake, huwezi kukitoa ukaweka kingine. Niliulizwa mara nyingi baadaye, Kizuizi kilipokwisha kuzimwa, kwa nini hatukuhamia tu kivinjari kingine, kwani vipo vilivyoendelea kuruhusu viendelezi vya zamani. Kwa mashine zile hapakuwa na kuhamia.

Nilikuwa nakwenda huko kila baada ya siku kadhaa. Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya zamani, bado kilinuka mahindi, na madawati yake yalitengenezwa kwa mbao za masanduku. Wasichana waliingia kwa zamu, wakavua ndala mlangoni kama kanisani. Kutoka jikoni, ng'ambo ya ukuta tu, ulisikia mwiko ukigonga sufuria ya ugali wa muhogo na mtama, na sauti za wapishi wa zamu wakibishana kwa Kikurya nani ametia maji mengi. Sikuwahi kumwambia yeyote pale kwa nini nilipenda kwenda. Mimi sikukimbia. Msimu wangu ulipofika nilikwenda kwa miguu yangu, nyimbo zikiimbwa, na nilijiona nimekuwa mtu. Basi kukaa katikati ya wasichana wadogo waliojua kusema hapana kulinifanya nisikie aibu na fahari kwa pamoja, nami nikaona afadhali nishughulike na nyaya.

Onyo lilianza kuonekana mapema mwaka ule. Kwenye kona ya juu ya kivinjari ilitokea ilani kwamba kiendelezi hiki huenda kikaacha kutumika karibuni. Tulilijua jambo lenyewe. Lilikuwa likizungumzwa mtandaoni kwa muda mrefu. Otieno alikuja nami siku moja kumweleza Mama Weigesa, tukiwa tumeketi jikoni, kila mmoja na kikombe cha uji.

"Zamani, mama," Otieno alisema, "mimi ndio nilikuwa nasimama kwa geti. Kila kitu ukurasa inataka kuleta, lazima ipite kwangu. Naiangalia, nasema ingia ama rudi. Sasa wenye kivinjari wamesema Otieno atoke hapo. Niwaandikie sheria zangu, niwaachie, halafu wao wenyewe ndio watasimama."

"Wamesema kwa nini?"

"Wanasema ni usalama. Ati kuna viendelezi vilikuwa vinachungulia mambo ya watu kwa hiyo geti. Na ni kweli, viko."

Mama Weigesa alipuliza uji wake. "Na wewe sheria zako si unazo?"

"Ninazo mingi sana. Wao wana kiwango, haziingii zote. Na nikitaka kubadilisha zile zinakaa ndani ya kiendelezi, nazipeleka kwa duka yao ya mtandao zikaguliwe, nangoja."

"Na tapeli naye anangoja?"

Tulikuwa tumeshapeleka toleo jipya dukani wakati huo, likarudishwa kwa maelezo kwamba linaomba ruhusa nyingi mno. Otieno akalipunguza, akalipeleka tena, likarudi tena. Sasa hivi ninaelewa kwamba mkaguzi yule asiye na jina, kama alikuwa mtu, alikuwa anafanya kazi ileile ya Mama Weigesa, kuchungulia kupitia upenyo. Wakati ule nilimchukia.

Lilipotokea, lilitokea kimya. Nilifika Mbalibali karibu na saa ya chakula cha mchana, nikasikia wasichana wakicheka stoo, kicheko cha kuangalia kitu pamoja, na nikajua kabla sijavua viatu. Kwenye kila laptopu alama ya Kizuizi ilikuwa ya kijivu. Mashine zilikuwa zimejisasisha zenyewe, na chini ya jina letu palikuwa na maneno makavu: kiendelezi hiki kimezimwa kwa sababu hakitumiki tena. Pembeni mwa kila ukurasa picha zilikuwa zinacheza, viatu, dawa za kuongeza mwili, mwanamume anayetabasamu akinyoosha simu. Niliwaambia wafunge mifuniko. Nikauliza ni nani amekuwa akitumia mashine tangu picha hizi zianze.

"Sisi wote," akajibu Nyangi. Alikuwa wa kidato cha pili, mrefu, mwenye tabia ya kusimama akijibu hata asipoambiwa asimame. Alitoka Matongo, karibu na mashimo ya dhahabu. "Mimi nilikuwa natafuta mitihani ya hesabu ya nyuma. Nikabonyeza pakua, ikakataa mpaka niweke namba."

"Ukaweka namba gani?"

"Sina simu, dada. Niliweka ninayoikumbuka." Akanitazama, na nikaona anaanza kuelewa huku akisema. "Ya mama."

Nilimuuliza kama ukurasa ulimuuliza kitu kingine. Ulimuuliza jina. Ulimuuliza pia kama unaruhusiwa kujua mahali alipo, na kwa kuwa kitufe cha Ruhusu ndicho kilichokuwa kikubwa, alibonyeza hicho. Nilikuwa bado nimeshika mkono wa kiti nilipokwenda kumtafuta Mama Weigesa. Nilikivuta hadi uani bila kujua.

Sikuwa nimemaliza kumweleza pale geti lilipogongwa. Mama Weigesa aliweka kidole mdomoni, akaenda kwenye upenyo. Nje alisimama mwanamke peke yake, matope hadi magotini, kanga ya kichwani imelowa.

"Natafuta mwanangu Nyangi."

"Hapa hakuna mtoto wako."

"Yupo. Simu imesema yupo Mbalibali, nami nimeuliza njiani nyumba ya mama mwenye wasichana."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Bodaboda ameniacha kwenye kijito, amekataa kuvuka."

"Nani amekutuma?"

Yule mwanamke alishika chuma cha geti. "Mama yangu, mimi sikuja kumchukua. Simu ni yangu lakini anakaa nayo shemeji yangu, Chacha. Meseji ilisomwa mbele yangu. Inasema Nyangi amejiunga, yuko karibu na Mbalibali, bonyeza uone marafiki walio karibu naye. Wamekaa wameongea. Wanakuja Jumamosi, wakitoka mnadani. Nimesema naenda kliniki, nikapanda pikipiki."

Mama Weigesa hakufungua. Alibaki amesimama, mkono kwenye komeo, na nilijua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza: kwamba mama anaweza kutumwa mbele kama mbuzi wa kuonyesha njia, na wanaume wakawa wamejificha kwenye mtama. Nilitamani afungue. Nilitamani pia asifungue. Alimwambia yule mwanamke arudi nyuma hadi kwenye mti wa mkuyu, azunguke polepole, atembee hadi kona ya ukuta na kurudi. Mama wa watu akafanya hivyo, kwenye matope, bila kuuliza. Ndipo komeo likavutwa.

Walionana jikoni, Nyangi na mama yake. Nilitegemea kilio, na hakikuwapo. Mama alimshika mtoto kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua ndama aliyetoka kuumwa, akamuuliza, "Unakula?" Nyangi akasema anakula. Akamuuliza kama usiku ana blanketi. Akapewa ugali na dagaa, akala haraka, akiangalia mlango. Kabla ya kuondoka alimwambia binti yake kitu kimoja ambacho nilikisikia kwa sababu nilikuwa nachota maji mtungini: "Akija baba yako mdogo, usiseme umeniona. Hata nikiwa nimesimama mbele yako, hujaniona."

Mgeni alipokwisha kutoka, Mama Weigesa alimpigia simu ofisa ustawi wa jamii, ambaye alisema atafika Jumamosi na askari ikiwa barabara itapitika. Mama Weigesa mwenyewe alikusudia kumhamisha Nyangi, lakini kwenye kijito maji yalikuwa yanapanda, na nyumba nyingine waliyoijua ilikuwa imejaa. Kisha akanigeukia. "Hizo kompyuta, zipakie uondoke nazo."

"Mama, mitihani iko karibu. Watasomea nini?"

"Nina wasichana wengine wanaokumbuka namba za mama zao." Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Siku utakayoniambia kwa kinywa chako kwamba jambo hili halitapita tena mlango huo, uzirudishe. Ukiwa huna uhakika, usizirudishe, mura."

Mura ni neno wanaloitwa vijana wa kiume. Alilitumia kwangu alipotaka nisilie.

Kesho yake, Turwa, mvua ilipiga bati hadi tukawa tunapaza sauti ndani ya chumba kidogo. Laptopu zilikuwa zimepangwa kitandani. Otieno alikuwa anapunguza orodha yake. Alikuwa amekaa hivyo tangu asubuhi, akitoa anwani mojamoja, akizisoma kwa sauti kama anayeaga watu. Hii ilishakufa. Hii ni ya kule, haiwezi kutufikia. Hii nibaki nayo ama nitoe? Chapati alizoleta kutoka Sirari zilikuwa zimekauka kwenye gazeti. Nilimuuliza kama ukurasa uliomnasa Nyangi ulikuwamo kwenye orodha, kabla ya kuzimwa.

Aliondoa anwani nyingine mbili. Nikauliza tena.

"Haikuwa," akasema. "Ni mpya. Ningeiongeza kesho yake. Zamani ningeiongeza kesho yake na ingefika kwa mashine zote hiyo siku."

"Kesho yake Nyangi angekuwa ameshabonyeza."

"Sasa unataka niseme nini, Bhoke? Watu wa dunia nzima wanapigana na hii kitu. Wameandika upya kila kitu. Wengine wameacha. Mimi niko na wewe tu na hizi chapati."

"Nataka uache kuwahesabu wabaya. Hawana mwisho." Nilikuwa nimesimama, na chumba hakikuwa na nafasi ya mtu kusimama kwa hasira. "Wale wasichana wanatumia kurasa ngapi? Za masomo, za kamusi, za mitihani. Tunazijua zote. Andika sheria moja: ukurasa ulete vya kwake wenyewe, kitu chochote kinachotoka kwa mwingine kikataliwe. Halafu andika chache za kuruhusu, juu ya hiyo, zile ambazo bila hizo masomo hayafunguki. Hizo zitaenea kwenye kiwango chao. Zitaenea na nafasi itabaki."

"Hiyo sio kizuia matangazo. Hiyo ni jela. Kurasa zitavunjika."

"Zivunjike."

"Picha hazitakuja. Video hazitacheza."

"Otieno, kuna watu wanakuja Jumamosi kumchukua mtoto."

Alichukua chapati kavu, akaiuma, akatafuna muda mrefu akitazama skrini. Nilijua ninachomwomba. Nilikuwa namwambia aiweke pembeni orodha aliyoijenga kwa miaka, kazi ambayo hakuna mtu aliyemlipa wala kumshukuru. Mwishoni alisema, "Basi kaa hapa, unitajie hizo za kuruhusu," na akafungua ukurasa mtupu.

Kilivunjika kila kitu mwanzoni. Ukurasa wa kamusi ulifunguka bila herufi. Wa mitihani ulitokea mweupe tupu. Tukaruhusu kimoja, tukajaribu, tukakinyima, tukaruhusu kingine, na kila kilichoruhusiwa Otieno aliniuliza kinatoka kwa nani na kinataka nini, hata nikahisi nahojiwa na Mama Weigesa mwenyewe. Mimi nilipita laptopu moja baada ya nyingine nikizima ruhusa ya kuonyesha mahali, kwenye mipangilio ya mashine, ili hata ukurasa ukiuliza, jibu liwe limeshatolewa. Jambo la ajabu ni kwamba kizuizi kipya hakikuhitaji kuchungulia chochote. Kiliandika sheria zake, kikakaa. Kwa hiyo hakikuomba zile ruhusa ambazo duka lilikuwa linazikataa. Otieno alipoligundua hilo alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Wamenitoa kwa geti," akasema, "na kumbe hata sikuwa nahitaji kusimama." Alikituma dukani, na kwa kuwa hatukuweza kungoja majibu, tukakipachika kwa mikono kwenye kila mashine.

Jumamosi tulikuwa Mbalibali kabla yao. Sikuzishusha laptopu kutoka kwenye begi. Mama Weigesa aliwakusanya wasichana kwenye bweni, akawaambia waimbe nyimbo za kanisa, kwa sauti ya kawaida, si ya kupaza. Ofisa ustawi alipiga simu akasema gari limekwama, wanatafuta trekta. Ndipo tukasikia pikipiki.

Walikuwa Chacha na wanaume wengine wawili, watu wazima, waliovaa makoti ya mnadani. Chacha hakuwa na sura ya ukatili niliyoitegemea. Alikuwa mwembamba, mikono yake ilikuwa na makovu ya kuponda mawe, na alisalimia vizuri. Alisema wamekuja kwa heri kumchukua mtoto wao. Mama Weigesa akasema kwa heri hiyohiyo wamngoje ofisa. Mmoja wa wale wawili akapiga geti teke. Chacha akamzuia kwa mkono, akatoa simu, akaiinua juu ya ukuta.

"Mama, usitudanganye. Yeye mwenyewe ametuita. Angalia, jina lake hili."

Nyimbo bwenini zilikuwa zimekatika. Nilipogeuka, Nyangi alikuwa ametoka. Mama Weigesa alimwambia arudi ndani. Akasema, "Hapana, mama, nitaongea naye," na akaja hadi kwenye upenyo. Otieno alijisogeza akasimama ubavuni mwa geti, akaegemea komeo kwa mgongo wake wote.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," Chacha akaitikia. Ilimtoka mwenyewe, kama inavyomtoka mtu yeyote aliyelelewa kwetu, na baada ya kuitikia hakujua aendelee na ukali gani.

"Mama hajambo?"

Nilishika ukuta. Chacha alimtazama kwa makini kupitia upenyo. "Humjui hali yake?"

"Nitaijuaje? Toka niondoke sijamwona."

"Hajambo. Analia kwa ajili yako."

"Mwambie ninasoma."

"Wenzako wote wanaingia msimu huu. Wewe utabaki msagane, hujakeketwa, mpaka uzeeke, hakuna atakayekula ulichopika. Nani atakuoa?"

"Baba mdogo, mimi siendi."

Alisema polepole, kwa Kiswahili, si kwa Kikurya, na nadhani alikichagua ili lisiwe neno la nyumbani. Yule aliyepiga teke alianza kutukana. Chacha hakumtazama. Alirudisha simu mfukoni, akasema kwamba kama ni hivyo, asikanyage tena kwake, si kwa msiba wala kwa harusi. Nyangi akajibu, "Nimesikia, baba mdogo." Akabaki amesimama wima pale kwenye upenyo hadi pikipiki zilipowashwa, hadi mlio ukapotea upande wa kijito. Ndipo akakaa kwenye kokoto, akatapika. Otieno ndiye aliyemletea maji. Ofisa ustawi alifika baadaye akiwa amelowa, akakuta tunafagia uwanja.

Nilimwambia Mama Weigesa kwa kinywa changu, siku hiyohiyo, kwamba ukurasa wa namna ile hautapita tena mlango wa stoo. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina uhakika wa leo. Alilifikiria, akasema uhakika wa leo ndio anaoishi nao hata yeye, nikazishusha laptopu. Dukani kizuizi kipya kilikubaliwa baada ya kungoja sana. Kurasa zilikuwa mbaya, zenye mapengo meupe, na wasichana walilalamika kwamba intaneti ya Dada Bhoke ina njaa. Nyangi peke yake hakuingia stoo. Alisoma kwa vitabu vilivyochakaa, akikaa kwenye kizingiti cha jikoni, na kila nilipompita aliniamkia akiwa amesimama. Alifaulu mtihani wake hivyohivyo. Nyumbani hakurudi. Wiki nyingi hatukujua mama yake alipokelewaje Matongo, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa simu. Alikuja mwaka mpya ulipoingia, mchana kweupe, na kibuyu cha maziwa mgando, na alipoulizwa shemeji yake amesema nini akajibu kwamba shemeji anajua alipo na hakusema kitu. Ilikuwa vigumu kujua kama hiyo ilikuwa ruhusa au kutengwa. Huenda ni yote mawili.

Nyangi aliingia stoo, mara ya kwanza tangu tukio lile, baada ya mama yake kuondoka. Alinikuta nafuta vumbi. Hakutaka kusoma, alitaka nimwonyeshe sheria. Nikamfungulia. Aliisoma ile ya kwanza, ya kukataa vyote, akapitia chache za kuruhusu, na akaniuliza kila moja inatoka kwa nani. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Msichana mpya akifika na kutaka ukurasa fulani, Nyangi ndiye aliyeupima, na mara nyingi aliukataa. Otieno alikuwa akimtumia matoleo kuyajaribu, na alisema huyu mtoto anamrudisha kazini kuliko lile duka.

Halafu siku moja ya kiangazi, nikiwa Turwa na mashine ya mteja imefunguliwa kitandani, simu ya Mama Weigesa ilipiga na sauti ikawa ya Nyangi.

"Shikamoo, dada. Kivinjari kimejisasisha asubuhi. Kuna picha zinacheza pembeni."

Nilisimama. "Nani amebonyeza?"

"Hakuna. Nimewatoa wote, mlango nimeufunga, ufunguo ninao mimi." Alivuta pumzi, na niliposema nakuja sasa hivi, hakuaga. "Njoo na Otieno," akasema. "Na mje na kitu kingine, dada. Kizuizi hiki wenye matangazo wameshakijua."